Haki ya Kupuliza Kete

Chumba cha phonie, ile redio ya kuitana mji kwa mji, kilitazama barabara, katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Babu zake walitoka Maniema, watu wa msikiti na duka, na yeye mwenyewe aliuza vitenge na chumvi mpaka siku alipoinunua mashine ile kutoka kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wanafunga kazi. Aliiweka juu ya meza, akaiwekea betri ya lori chini yake, akavuta waya kutoka paa la duka mpaka mkaratusi wa jirani. Kuanzia hapo watu wa mtaa hawakuhitaji tena kungoja barua. Walikuja kukaa kwenye benchi, wakataja mji na jina la ndugu, na mimi nikaita.

Mimi nilikuwa mwenye kuita. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilijua kusoma na kuandika, nilisema Kifaransa cha kutosha, na sikuwa na mtu wa kunirudisha nyumbani. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, kutoka upande wa Kongolo. Alipokufa, mama hakukaa muda mrefu nyuma yake. Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Baada ya matanga baba mdogo alikuja kutoka Manono, akatutazama sote wanne, akasema hawezi kuchukua wote. Alimchukua mvulana, yule aliyenifuata mimi. Wasichana wawili wadogo wakabaki nami Katuba.

Huko Manono baba mdogo naye alikuwa na mkono katika biashara ya phonie, na kijana alipokua akawekwa kwenye mashine. Hivyo mimi na mdogo wangu tukawa tumekaa kwenye ncha mbili za hewa moja. Lakini hatukuongea. Hewa ilikuwa ya wateja, na mwenye nyumba alikuwa ameweka sheria tangu siku ya kwanza: wenye kuita hawapigi hadithi zao. Nilimsikia akisema, "Manono inasikia, lete mutu wako," na yeye alinisikia nikisema, "Lubumbashi inaleta." Sauti yake ilivunjika na kuwa ya mwanaume ndani ya spika ile. Nilijua wiki ilipoanza na wiki ilipokwisha.

Mchezo wa dama ulianza bila mtu kuuanzisha. Saa kumi za jioni wateja walipungua, na mashine ilibaki wazi mpaka mwenye nyumba arudi kutoka msikitini. Mzee mmoja wa Manono, aliyefanya kazi miaka mingi katika machimbo ya bati, alikuwa na rafiki Lubumbashi, karani katika ofisi ya kampuni ya shaba. Zamani walicheza pamoja uso kwa uso. Wakaomba kuendelea. Kila mmoja akaandika namba kwenye miraba ya ubao wake, moja mpaka hamsini, na sisi wenye kuita tukabeba namba: "Trente-deux kwenda vingt-huit. À vous," yaani thelathini na mbili kwenda ishirini na nane, zamu yenu. Baadaye Kalemie ikaingia, kisha Kongolo. Kwangu Katuba ubao ulikuwa wa mbao za sanduku la sabuni, kete zilikuwa vifuniko vya chupa za bia, upande mmoja vilivyolala chali na upande mwingine vilivyolala kifudifudi. Kila mchezo, hata kama Lubumbashi haikucheza, mimi niliuweka kwenye ubao wangu, na palipokuwa na mabishano waliuliza ubao wa Katuba unasemaje.

Mwenye nyumba hakupenda zile namba. Miaka ile kulikuwa na masikio kila mahali, na namba zinazotembea hewani zinaweza kuonekana kama kitu kingine. Akaniamuru niseme kila jioni kabla ya kuanza: "Hapa ni muchezo wa dama, hakuna kingine." Nilisema hivyo kila siku, hata siku ambazo sikuwa na hakika kuna mtu anasikiliza.

Na kwa kuwa wakati ule hata watu watatu hawakukaa pamoja bila kuwa na kamati, kamati ikaundwa. Karani wa kampuni ya shaba alichaguliwa kuwa président, mwenyekiti wetu, kwa kupigiwa makofi hewani, jambo ambalo katika phonie hutoa sauti kama mvua juu ya bati. Alikuwa mtu nadhifu, amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku ya joto, na alikuja kutoka mjini kwa baiskeli aliyoifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa benchi langu. Tulimwita Citoyen Président, kwani miaka ile kila mtu aliitwa citoyen, raia. Nadhani alipenda mchezo kweli. Alikuwa na kijitabu cha sheria za dama kilichopigwa chapa Ulaya, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kwetu, mchezaji anayeweza kula kete ya mwenzake asipokula, mwenzake ana haki ya kupuliza. Anainama, anapuliza pumzi juu ya ile kete iliyokataa kula, kisha anaitoa ubaoni. Ndivyo walivyocheza kwenye kambi za reli, ndivyo baba alivyotufundisha mimi na mdogo wangu kwenye sakafu ya nyumba ya kambi. Usipopuliza kabla ya kugusa kete, huna haki. Baba alikuwa akisema, "Asiyepuliza asilie." Kijitabu cha Citoyen Président kilisema kupuliza kumefutwa. Kula ni lazima, na anayesahau anarudishwa ale.

Alileta jambo hilo mbele ya vituo vyote. Kongolo wakakataa, Kalemie wakakataa, yule mzee wa Manono akasema yeye amepuliza tangu ujana wake na hataanza kuacha sasa. Président akashindwa kwa kura za kwanza alizoziitisha yeye mwenyewe. Kupuliza kukabaki. Ikaamuliwa tu kwamba pumzi ipulizwe kwenye micro, kile kipaza sauti cha mashine, ili vituo vyote visikie, kwa sababu kusema "nimepuliza" ni rahisi. Pumzi ndani ya spika ilisikika kama kitambaa kinachopasuliwa.

Sheria nyingine ilikuwa yangu. Mwenye sauti hachezi. Sisi tuliobeba namba tuliona ubao sawa na wachezaji, na wengine wetu tuliona vizuri kuliko wao, lakini hatukuwa na ruhusa ya kusema, kuguna wala kuvuta pumzi kwa mshangao. Mwenye kuita wa Kalemie aliwahi kukohoa wakati mchezaji wake alipopeleka mkono kwenye kete mbaya. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe, tukasikia sote. Mchezaji akabadilisha kete. Mimi nilisema Kalemie itafute mtu mwingine wa kubeba namba, na ikatafuta. Yeye akaendelea kuita wateja tu. Hakunisamehe, lakini alitii, na kusikiliza hakukatazwa.

Siku ya ugomvi Président alikuwa anacheza na mzee wa Manono. Alisukuma kete ya upande wa kushoto, akaegemea nyuma akifuta miwani yake. Upande wa kulia kete yake nyingine ilikuwa na nafasi ya kula, wazi kama mlango. Niliona. Nikabonyeza kitufe, nikataja namba zake kama zilivyo, nikasema, "À vous."

Nilijua huko Manono mzee ameinamia ubao. Macho yake yalikuwa yameanza kufa na alikuwa akizihesabu kete kwa vidole. Kisha tukasikia pumzi. Na baada ya pumzi, sauti ya mdogo wangu: "Manono inapuliza. Trente-huit inatoka. À vous."

Président aliinua kichwa. "Nani amepuliza?"

Nikauliza kama nilivyotakiwa. "Manono, Lubumbashi inauliza nani amepuliza. À vous."

Angeweza kusema ni mzee. Kati ya Manono na Katuba hakuna macho yanayofika. "Ni miye," alisema. "Muzee hakuona. Miye njo niliona. À vous."

"Umesikia?" Président alisimama. "Umesikia, mama? Muntu wa phonie eko nacheza!"

Kalemie iliingia bila kuitwa. "Allô, allô, hapa Kalemie. Citoyen Président, jibu kwanza. Ulikula ao haukukula?"

Président mwenyewe akanyoosha mkono, nikamwachia micro. "Citoyen Kalemie, hatukukuita."

"Haukuniita, lakini hewa haiko ya baba yako. Hiyo kete yako iko naozea pale kulia tangu asubuhi, harufu inafika mpaka ku ziwa. À vous!"

Kongolo walikuwa wakicheka. Ukibonyeza kitufe huku mtu mwingine anasema, sauti zote huingiliana na hakuna anayeeleweka, na kwa muda kidogo ilikuwa hivyo. Waliponyamaza nikasikia mzee wa Manono, karibu sana na micro kama mtu asiyeizoea. "Bana bangu, miye macho yangu inaisha. Huyu mutoto alipuliza juu yangu. Musimukasirikie."

Nikasema ubao utabaki ulivyo mpaka jambo liamuliwe. Nikaufunika kwa kitambaa.

Sikutegemea kwamba lingechukua siku nyingi hivyo. Kila jioni saa kumi, badala ya namba, ilikuwa maneno. Président alitaka Manono ifungiwe, isiingie tena katika mchezo mpaka mwaka uishe. Alisema bila nidhamu hakuna mchezo, alisema kituo kizima kinawajibika kwa kosa la mtu wake, na alisoma kurasa za kijitabu chake kwa Kifaransa polepole kama anayesoma misa. Kongolo walisema nafasi ya kula ilikuwepo, hilo ni kweli, na kweli haijali ni jicho la nani limeiona. Mwenye kuita wa Kalemie alikuwa na shauri lake.

"Miye nilikohoa tu," alisema. "Kikohozi kidogo, kifua cha baridi ya ziwa, mukanitoa. Huyu amepuliza kabisa, na mudomo wazi! Kama eko nabakia, munirudishie kikohozi changu. À vous."

Watu walicheka, lakini mimi niliona kwamba katika wote yeye ndiye aliyesema neno lenye uzito.

Mdogo wangu katika siku hizo alifanya kazi yake. Aliita wateja wa Manono, akapokea wateja wa Katuba. Président au Kongolo walipomtaja hakujibu. Mara moja tu, mteja wangu alipomaliza na kabla ya hewa kufungwa, alisema haraka, "Yaya, baba alituambia tupulize." Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa. Sikujibu, kwa sababu ya sheria ya mwenye nyumba.

Nyumbani wadogo wangu walikuwa wamesikia habari mtaani. Yule wa tatu, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi, aliniuliza nikiwa nakoroga bukari, ugali wetu. "Ni kweli unataka kumufukuza yaya?"

"Président njo anataka."

"Na weye?"

Nilimwambia alete sahani. Nilikuwa ninalijua jambo lenyewe tangu jioni ya kwanza na sikuona faida ya kulizunguka. Manono ikifungiwa, sauti ya saa kumi itaondoka, na itabaki ile ya mteja na mteja tu, maneno matatu na kufunga. Manono ikiachwa kama hakuna kilichotokea, basi yule wa Kalemie nilimwonea, na ubao wangu ni kipande cha sanduku la sabuni. Nilikuwa nimezoea kuwa na vitu vichache, na kile cha saa kumi kilikuwa kimoja kati ya hivyo.

Lililolifikisha mwisho halikuhusu dama. Mama mmoja alikuja kutoka mtaa wa Ruashi, amejifunga kitenge kichwani kama watu wa kilio. Kaka yake alikuwa amekufa, na alitaka kuwaambia watu wa mama yao huko Kongolo. Alifika wakati Kongolo na Président walikuwa wakibishana, na mimi nilipojaribu kuingia nilifunikwa na sauti zao. Nikamwomba Président aachie micro. Akainua kidole: dakika moja tu. Mama akakaa juu ya gunia la chumvi. Mwenye nyumba aliporudi kutoka msikitini alimkuta hapo.

"Unangoja nini, mama?"

"Nangoja hawa baba bamalize mambo ya pumzi."

Mwenye nyumba hakupandisha sauti. Alichukua micro kutoka mkononi mwa Président, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema, "Kongolo, hapa kuna msiba. Wengine wote tokeni hewani." Hewa ikawa tupu. Mama akasema habari yake, akalia, akasikia watu wa upande wa pili wakilia, nikamshika mkono mpaka nje.

Niliporudi, Président alikuwa bado amesimama karibu na mlango, amekunja kijitabu chake mkononi.

"Citoyen Président," mwenye nyumba alimwambia, "hii mashine haina kamati. Ina mimi." Halafu akatazama picha ya Kiongozi ukutani, ile ambayo kila chumba cha biashara kilipaswa kuwa nayo, kana kwamba alikuwa amesema zaidi ya alivyokusudia. Akaketi. "Ijumaa, nikitoka swala, nataka kusikia neno moja. Kama hakuna neno, dama imekwisha humu ndani, mkachezee chini ya kitanda."

"Neno ninalo," alisema Président. "Manono ifungiwe."

"Na wenzako wanakubali?"

Président alikikunjua kijitabu chake, akakikunja tena.

"Ubao unashikwa na nani?"

"Unaona mwenyewe, na huyu mama."

"Basi atasema huyu."

"Lakini Mzee, ile ni ndugu yake! Tumbo moja!"

"Najua," mwenye nyumba alisema. "Ni mimi ninayemlipa. Najua nani ni nani katika mashine yangu." Akanigeukia. "Binti yangu, Ijumaa utasema. Usilete mambo marefu."

Ijumaa vituo vyote vilikuwa vimewasha mapema. Nilisema ile sentensi ya kila siku, kwamba hapa ni mchezo wa dama na hakuna kingine, kisha nikasema niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga njiani nikitoka nyumbani na hayakuwa mengi. Pumzi ya Manono si pumzi ya mchezaji, kwa hiyo haihesabiki. Kete ya Président inarudi mahali pake. Kwa kuwa nafasi ya kula ilikuwepo na sote sasa tumeiona, Président atakula, kama kijitabu chake kinavyotaka. Manono haifungiwi. Aliyepuliza hatabeba tena namba za mchezo, kama yule wa Kalemie asivyobeba.

Kongolo wakauliza, na swali lilikuwa la haki: kuanzia leo tutajuaje kwamba pumzi ni ya mchezaji? Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema mchezaji anayetaka kupuliza ainuke mwenyewe, aje kwenye micro, apulize. Mwenye kuita asiguse.

"Kalemie inakubali," alisema yule mwenye kikohozi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa kitu. "Inakubali kabisa. À vous."

Ikafika zamu ya Manono.

"Yaya," mdogo wangu alisema. Hakuwa na ruhusa ya kuniita hivyo hewani. "Ni weye njo unasema vile?"

"Ni miye. À vous."

Tukasikia kitufe kikiachiwa.

Président alikuwa ameketi mbele yangu. "Na kufungiwa?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza bei. "Hata mwezi mmoja?"

"Hakuna kufungiwa. Kula kete yako, Citoyen."

Akala. Kete ile ilimfungulia njia, na jioni ile alishinda. Alifungua mnyororo wa baiskeli akiimba.

Kuanzia wiki iliyofuata namba za Manono zilibebwa na mama mmoja mwenye sauti nzito, aliyetamka kila namba kama anayemkemea mtoto. Alikuwa mwangalifu na hakukosea. Mdogo wangu aliendelea kuita wateja kwa muda, kisha baba mdogo akampeleka kwenye lori la mizigo, na hata zile "Manono inasikia" nikazipoteza. Krismasi niliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akanipa dakika chache bila malipo. Mama yule mwenye sauti nzito alisema mtu ametumwa kumwita mdogo wangu, naye amekataa kuja, yuko nyuma ya nyumba anarekebisha gurudumu. Wadogo wangu walikuwa wamevaa nguo zao za kanisani, wamekaa kwenye benchi tayari kusema. Niliwaambia hewa ni mbaya leo.

Katika mtaa wengine walisema niliuza damu yangu kwa ajili ya vifuniko vya chupa. Wengine walisema nilifanya vizuri. Wateja waliendelea kuja kama zamani, kwa sababu walihitaji phonie. Kamati iliendelea. Président alileta pendekezo la kuwa na vice-président, na kwa kuwa hakuna aliyetaka ugomvi mwingine, likapita.

Msimu wa mvua ulipokwisha yule mzee wa Manono alijitoa. Alikuja mwenyewe kwenye micro kuaga. Alisema sasa anaona mwanga na kivuli tu, na kete zote zimekuwa rangi moja, na kwamba ameweka mtu wa kucheza mahali pake. "Mumemukataza kubeba namba," alisema. "Hamukumukataza kucheza. Niliuliza hapa kila muntu, banasema sheria haikatazi. Ubao wa Katuba unasema je? À vous."

Président alinitazama. Nikatazama ubao, ingawa hapakuwa na kitu juu yake. Nikasema sheria haikatazi.

Hivyo mdogo wangu akarudi, jioni ambazo lori lilikuwa Manono, bila sauti. Alicheza na Kongolo akapoteza, alicheza na Kalemie akashinda, na yote hayo niliyapokea kwa ile sauti nzito ya mama: vingt kwenda vingt-quatre, à vous. Nilipanga kete zake kwenye ubao wangu. Alicheza kama baba, akiacha kona ya nyuma imefungwa mpaka mwisho. Wadogo wangu walikuwa wakiniuliza jioni, "Ameongea?" nami nikawaambia jinsi alivyocheza.

Kisha ikafika zamu yake ya kucheza na Président. Ilikuwa siku ya kiangazi, anga safi, phonie ilisikika kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Président alikuwa amepewa cheo ofisini wiki ile na alikuwa na maneno mengi, akinihadithia huku akisogeza kete. Katikati ya hadithi akaacha kula. Ilikuwa nafasi ndogo, karibu na katikati, ngumu kuiona. Nikataja namba zake kama zilivyo.

Manono ikachelewa. Nikasikia kiti kikiburutwa, na yule mama akisema mbali na micro, "Kuya mwenyewe, kuya, miye siguse." Kisha pumzi.

Président alinyamaza katikati ya neno. Akainamia ubao, akaona. "Nani amepuliza?"

"Ni mchezaji."

"Unajua je? Pumzi haina jina. Inaweza kuwa ile mama. Inaweza kuwa mupita njia."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na pumzi ile tangu mwenye pumzi alipoacha ziwa la mama mpaka alipopandishwa treni, lakini huo si ushahidi ambao ubao unaweza kuupokea, na kati yetu wawili Président ndiye aliyekuwa na kijitabu. Kulikuwa na desturi ya vituo vyote kwamba hewa ikiwa mbaya, mwenye ubao anaweza kuomba kitu kirudiwe.

Nikabonyeza kitufe. "Manono, hapa Lubumbashi. Hatukusikia vizuri. Mchezaji ataje jina lake, halafu apulize tena. À vous."

Kisha akataja jina lake lote, na la baba nyuma yake, kwa sauti iliyokuwa nzito kuliko nilivyoiacha. Halafu akapuliza, kwa muda mrefu.

"Nimesikia, nimesikia," alisema Président, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Toa kete."